Maswali ya Bwana Pae

Mama Lois alifariki mwezi wa pili, wakati ardhi ya Minnesota imeganda na kuwa ngumu kama jiwe, na maziko yenyewe yakaahirishwa mpaka udongo ulainike. Kilichofanyika Jumamosi ile kilikuwa ibada tu, katika kanisa alilosali zaidi ya nusu ya maisha yake, huko Champlin, si mbali na mto. Mimi ninakaa Inver Grove Heights, upande mwingine kabisa wa miji hii miwili pacha, na rafiki yangu Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi, alinipigia simu asubuhi kunizuia. "Zuhura, kweli uta-drive mpaka Champlin na hii snow? Si utume tu maua?" Nikamwambia kwamba yule mama ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi, mwaka nilioingia Marekani, na mtu wa namna hiyo hatumiwi maua. Wanjiru akasema sawa, basi niende polepole.

Baada ya ibada tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kulikuwa na meza za kukunja, kahawa nyepesi kama chai ya rangi, mikate midogo yenye nyama ya nguruwe, na pembeni sahani moja ya mikate ya jibini ambayo wanawake wa kanisa walikuwa wameniwekea mimi bila kuombwa, wamenizoea. Nyuma yangu wazee wawili wa kike walikuwa wakiongea kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri. Mmoja alisema Karin alikuwa na bahati sana kumpata mama kama Lois. Mwenzake akasema bahati kubwa, fikiria kama angebaki kule. Karin mwenyewe, ambaye sasa anakaribia miaka hamsini, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao na birika la kahawa. Alisikia. Akawamiminia kahawa, akauliza kama wanataka sukari, kisha akaja kukaa karibu nami na kuvua viatu vyake chini ya meza.

Halafu akaniambia kuwa wiki za mwisho, hospitalini, mama yake alimwuliza habari za yule mzee wa Korea, kama aliwahi kumpata mpwa wake. "Nikamwambia sijui," alisema Karin. "Wewe unajua?" Nilikuwa na jibu la sehemu moja ya swali, na sehemu nyingine nilikuwa nimeitunza muda mrefu kiasi kwamba sikuwa na hakika kama bado ni siri au imegeuka kuwa mazoea yangu tu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nikiwa Daejeon, mji wa katikati ya Korea Kusini, kwa ufadhili wa masomo. Sharti lilikuwa kwamba mwaka wa kwanza wote mtu ajifunze lugha tu, kuanzia herufi, kabla hajaruhusiwa kugusa somo alilolifuata. Mimi nilifuata uhandisi wa maji. Shahada ile baadaye niliimaliza, lakini sikuifanyia kazi hata siku moja, na chanzo chake ni mwaka ule wa lugha. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya nne, chumba chembamba kilichonuka kahawa ya mashine na makoti yaliyoloa. Tulisoma mazungumzo ya watu wanaoulizana posta iko wapi. Majina yetu yalibadilishwa na midomo ya wenyeji. Kikorea hakina sauti ya z, kwa hiyo nikawa Juhura, na nilipoacha kusahihisha watu nilijiona nimeanza kuishi pale. Mwalimu wetu, Mwalimu Han, alikuwa mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, aliyeamini kwamba kila kosa la lugha lina dawa, nayo ni kurudia.

Karin alikaa nyuma yangu. Alikuwa Mmarekani wa Champlin kwa kila kitu isipokuwa sura. Alizaliwa Korea, akaachwa mlangoni pa kituo cha polisi, na akiwa na miaka mitatu hivi akasafirishwa Minnesota, ambako Lois na mumewe walimwasili kuwa mtoto wao. Baadaye, nilipohamia huku, nilikuta wako wengi wenye historia hiyo, hata hakuna anayeshangaa kumkuta mtu mwenye uso wa Kikorea na jina la ukoo la Kiswidi. Lakini Daejeon walishangaa. Tukiingia dukani mwenye duka alisema na Karin, Karin akanigeukia mimi, mimi nikajibu. Mwenye duka akanitazama, akamtazama, kisha akaendelea kusema na Karin. Mimi jambo hilo lilinichekesha. Karin alikuwa akitoka pale na kutembea mbele yangu kwa haraka, mikono mifukoni, na nilijifunza kutomfuata mpaka apunguze mwendo mwenyewe.

Wakati huo alikuwa hasemi na mama yake. Siku alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda Korea kujifunza lugha, Mama Lois, ambaye hakuwa mtu wa kupima maneno, alimwuliza, "Kwani hapa umekosa nini?" Karin alilichukua swali lile akapanda nalo ndege. Alituma kadi moja kusema amefika salama, ikawa basi. Aliniambia haya chakulani, akitenga kabichi yenye pilipili upande mmoja wa sahani, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani.

Safari ya darasa ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, majani ya milimani yakiwa yamegeuka mekundu. Tulipanda basi asubuhi, kila mmoja amepewa chupa ya maji na andazi la maharage matamu, tukaenda kijiji kimoja cha kusini kinachosifika kwa matunda yaitwayo kam. Kam ina umbo la nyanya na rangi ya chungwa lililoiva. Ikimenywa na kuning'inizwa wiki kadhaa kwenye upepo, hunywea na kuwa tamu kama tende. Kila nyumba ilikuwa na kibanda cha mbao kisicho na kuta, na ndani ya kila kibanda yalining'inia matunda kwa nyuzi, safu juu ya safu, kutoka darini mpaka usawa wa goti. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia wenye nyumba kumenya na kusikiliza jinsi watu wa shamba wanavyosema. Mwalimu Han alitugawa wawili wawili. Mimi na Karin tukapelekwa kwa bibi mmoja mfupi, mgongo umepinda, aliyevaa suruali ya maua na kofia ya jua inayofunika mpaka shingo.

Bibi akampa Karin kisu na maelekezo marefu. Mimi akanivutia kiti cha plastiki na kunionyesha kwa mikono nikae nisije nikajikata. Karin akatabasamu. Bibi akarudia maelekezo kwa sauti kubwa zaidi, halafu akauliza, nadhani kwa mara ya tatu, kwa nini binti huyu hajibu mkubwa wake. Ndipo nikasema, kwa heshima zote nilizofundishwa, "Bibi, mwenzangu bado haelewi vizuri. Niambie mimi, nitamwambia." Alinitazama kama mtu aliyesabahiwa na paka. Kisha, baada ya kuamua kwamba masikio yake ni mazima, akaanza kuniambia kila kitu. Nilipotumia neno la kumenya nililolijua, alinisahihisha: kwa kisu ni kkakda, kkada ni kwa vidole, kama yai au chungwa. Nikamwambia kwetu vyote tunamenya kwa neno moja. Akasema basi lugha yenu ni ya watu wenye haraka.

Tulimenya asubuhi nzima. Jirani mmoja wa bibi alikuja kuazima kamba, akachutama kututazama, na wawili wale wakaongea juu yetu jinsi watu wanavyoongea mbele ya wageni. "Huyu mweusi ndiye anayesema," alisema jirani, "na wa kwetu ni bubu." Karin alijua tu kwamba ametajwa. "Wamesema nini?" aliniuliza. Nikamwambia kama ilivyosemwa, maana sikuona namna nyingine. Akaendelea kuzungusha tunda juu ya kisu, ganda likishuka refu bila kukatika. "Waambie ni kweli," alisema. Sikuwaambia, maana hawakuwa wameuliza.

Chakula cha mchana tulikula ndani, katika chumba chenye sakafu inayopashwa joto kwa chini, hata soksi zetu zilizolowa umande zikaanza kutoa mvuke. Pembeni pilipili nyekundu zilikuwa zimeanikwa juu ya magazeti. Vibonge vya maharage yaliyochacha vilining'inia ukutani kwa majani makavu, na harufu yao ilijaa chumba, kali na ya kirafiki, kama harufu ya zizi kwa mtu aliyefuga. Bibi alikuwa amepika supu ya nyama ya nguruwe. Nilipomweleza kwamba mimi ni Mwislamu na nguruwe siwezi, hakuonyesha kukerwa. Alitoka, akarudi na samaki aliyechomwa, akamweka mbele yangu, akakaa kunitazama nikimla. Halafu akamwelekeza Karin kidole. "Huyu ni wa nani?"

Neno la kuasili mtoto hatukuwa tumefundishwa. Nikazunguka nalo kwa maneno madogo: alizaliwa hapa, akiwa mdogo alipelekwa Marekani, mama wa Marekani alimlea. Bibi akalisema neno lenyewe, ibyang, taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa, akaweka kijiko chini. Hakumwuliza Karin kitu. Alinyofoa kipande cha samaki wangu, upande usio na miiba, akakiweka juu ya wali wa Karin. Kisha akatoka barazani, tukamsikia akipiga simu.

Haikuchukua muda, pawatila, lile trekta dogo la mkono, likanguruma uani. Alishuka mwanamume wa miaka kama sitini, buti za mpira zina tope, kofia ameishika mkononi. Nitamwita Bwana Pae, ingawa si jina lake. Bibi alinieleza kwa haraka: dada yake huyu, marehemu sasa, alikuwa na binti, na binti yule alitolewa, akapelekwa Amerika, akiwa na umri wa kutembea na kusema. Bwana Pae hakuingia ndani. Alikaa ukingoni mwa baraza ya mbao, miguu nje, akamwuliza Karin ana umri gani. Mimi nikajibu. Umri ulilingana. Akauliza alipelekwa mwaka gani. Ukalingana pia. Sauti yake haikubadilika, lakini alihamisha kofia kutoka goti moja kwenda jingine. Akasema mpwa wake aliunguzwa na uji kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na kovu la namna ile halifutiki. Angeweza kuuona mguu wa binti huyu?

Nilifasiri. Karin alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyeomba. Alikuwa mweupe mdomoni. Kisha akasogea mpaka ukingoni, akanyoosha mguu, akateremsha soksi. Kifundo kilikuwa laini, hakina alama yoyote. Bwana Pae alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaishika ile soksi kwa vidole vyake vyenye nyufa, akaipandisha, akaunyoosha mshono wake vizuri kama mtu anayemvisha mtoto wa shule. "Siye," alisema. "Siye," nikasema kwa Kiingereza.

Wakati ule Mwalimu Han akatokea langoni kutukusanya. Alielewa kwa mtazamo mmoja kilichokuwa kikitendeka na akaninong'oneza kwamba hili silo tulilojia, kwamba watu huumia, kwamba basi linaondoka muda si mrefu. Bwana Pae akasimama, akamwinamia, akaomba aachiwe dakika chache. Alisema anajua si yeye. Alitaka tu kuuliza mambo ambayo hajapata mtu wa kumwuliza. Mwalimu Han alisimama kidogo na orodha yake ya majina, kisha akaenda kuwakusanya wengine kwanza, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa sarufi yote aliyonifundisha.

Maswali yalikuwa matatu. Walimlisha? Alipata chumba chenye joto? Siku za kwanza, alilia? Mwanzoni nilifasiri kama mtu asimuliaye: anauliza kama ulilishwa, anasema alilishwa. Sijui ni sentensi ya ngapi nilipoacha. Najua tu kwamba nilijisikia nikisema, kwa Kikorea changu cha miezi minane, "Nilishiba. Nilikuwa na chumba juu ya jiko, joto lilipanda. Majira ya baridi baba yangu alinivuta nimekaa kwenye ubao juu ya mto ulioganda, nami niliogopa barafu isije ikapasuka, lakini haikupasuka." Na niliposema "mimi", Bwana Pae aliacha kunitazama. Macho yake yalikwenda kwa Karin, na macho ya Karin yakawa kwake, wakawa wanaongea wao wawili, na mimi nikawa sipo. Sijawahi kuwa na raha kama ile ya kutokuwapo. Leo nafanya kazi ya ukalimani katika hospitali za huku, kwa Waswahili wa Kongo, wa Burundi, wa kwetu, na kanuni ya kwanza tunayowafundisha wapya ni hiyo: mgonjwa akisema ninaumwa, usiseme anasema anaumwa, sema ninaumwa. Wapya huona haya. Mimi niliijua kabla sijafundishwa, kwenye baraza ile, na mabomba ya maji hayakunivutia tena baada ya hapo.

Swali la tatu Karin hakuwa na jibu lake. "Sikumbuki," alisema. "Mama ndiye anayejua." Bwana Pae akaitikia kwa kichwa. "Basi muulize mama yako," akasema, kama mtu anayemtuma mtoto chumvi kwa jirani. Akanitajia namba yake ya simu, nikaiandika kiganjani. Bibi akatupakia mfuko wa kam zilizokauka, akazipunguza, akaziongeza tena.

Kwenye basi Karin alikaa dirishani na mfuko ule mapajani. Wanafunzi wengine waliimba. Tulipokuwa tumeiacha milima akasema, "Sijazungumza na mama tangu mwezi wa tatu. Nitaanzaje?" Nikamwambia aanze na swali la mzee, kwa kuwa silo lake, na kulipeleka swali la mtu si kushindwa. Aligeukia dirisha. Lakini asubuhi yake aligonga mlango wangu kabla ya darasa, akiwa na kadi ya simu mkononi, akaniomba nisimame karibu naye kwenye simu ya ukutani, ukumbini mwa bweni. Champlin ilikuwa jioni ya jana yake.

Mama Lois alisema kwa nguvu simuni, kama watu wote wa rika lake, na nusu ya maneno nilikuwa nayasikia. Karin alisema, "Mama, nina swali. Si langu." Upande wa pili ukasema haya, uliza. Alipouliza, mama yake hakuuliza kwa nini. Alijibu kama mtu aliyekuwa ameliweka jibu karibu kwa miaka yote. Ndiyo, alilia. Alilia usiku kwa siku tatu mfululizo, na hakukubali kuvuliwa viatu. Alisimama navyo nyuma ya mlango wa mbele, na alipolala, alilala palepale, navyo miguuni. Mkate hakula, nyama hakula, maziwa aliyatema. Siku ya nne Lois alimenya ndizi, akala nusu mbele yake, nusu akampa. Akala. Kisha mtoto akachukua ndizi nyingine mezani, akaileta, akaiinua juu na kusema kajo. Akala nne. "Na tangu siku hiyo ndizi inaitwa kajo nyumbani kwetu," Karin aliniambia, akiziba simu kwa kiganja. "Wajomba, binamu, wote. Nilidhani ni neno nililolibuni."

Nikamwambia halikuwa la kubuni. Kka jwo. Nimenyie, kwa vidole.

Alinitazama kwa muda. Kisha akaondoa kiganja, akamwambia mama yake maana yake, neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Halafu nikamsikia Mama Lois, safari hii kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nilidhani analitaja tunda," alisema. "Kumbe alikuwa anasema na mimi." Karin aligeukia ukuta, akaegemeza paji la uso. Mimi nilikwenda darasani, na Mwalimu Han aliponiuliza Karin yuko wapi, nilimjibu kwamba anaongea na mama yake, na kwa mara ya kwanza hakudai sentensi iwe ndefu zaidi.

Jioni ile nilimpigia Bwana Pae kumpelekea jibu. Nilimwambia habari ya kilio cha usiku, ya mlango, ya viatu. Aliniuliza tena juu ya viatu, kama ni kweli hakuvivua kabisa. Nikasema ndivyo mama alivyosema. Nilipofika kwenye ndizi alinikatiza. "Ndizi?" Mimi niliyekulia penye migomba sikuona cha ajabu. Akanieleza kwamba siku zile, pale kwao, ndizi ilikuwa kitu cha matajiri na wagonjwa mahututi. Yeye mwenyewe alionja ya kwanza akiwa mtu mzima. Nilipomweleza neno alilolisema mtoto, akasema, "Mtoto haombi mtu anayemwogopa. Akiomba, ameshakubali kukaa. Mwambie mwenzako hivyo." Nilimwambia Karin hivyo.

Lakini kulikuwa na maneno mengine kabla hatujaagana. "Hili usimfasirie mtu," alisema, na akaniambia kwamba dada yake hakumpeleka yule mtoto popote. Dada alikuwa Seoul, kiwandani, mume amemtoroka, na mtoto alikuwa ameachwa kwake yeye, kaka mtu, aliyekuwa na watoto wake watatu wa kulisha na shamba lililosombwa na mafuriko. Ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka kituo cha basi. Alimnunulia viatu vipya kwa safari na kumwambia wanakwenda kwa mama yake. Dada aliporudi na kukuta nyumba haina mtoto, hakupiga kelele. Alikaa siku moja, akarudi kiwandani, na hawakuwahi kula pamoja tena mpaka alipokufa. Aliyasema haya polepole, kwa sentensi fupi, akinisubiri niyaelewe, kama mtu anayemfundisha mgeni lugha. Nilisema nimesikia. Akasema asante kwa kazi yako, salamu ambayo Wakorea humpa mtu aliyemaliza kazi, akakata simu.

Alinipigia mwaka mpya, na mwaka mpya uliofuata, mara zote kuniuliza kama nimeshiba na kama baridi inanisumbua. Mara ya tatu nilimpigia mimi, namba ikawa haipatikani. Kufikia hapo hakuwa amempata mpwa wake. Sidhani kama bado yu hai, na ndiyo maana naweza kuandika.

Hayo ndiyo niliyomweleza Karin ukumbini, mpaka pale kwenye simu za mwaka mpya. La viatu vipya na mgongo sikulitaja. Alisikiliza akikusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja. Wale wazee wawili walikuwa wameshaondoka na kuacha vikombe vyao.

"Ni yeye aliyempeleka," alisema. "Sivyo?"

Nimezoea kukaa na uso usiosema. Ndiyo kazi yangu.

"Usijibu, najua humwagi maneno ya watu. Nilijua palepale barazani, kabla hata hatujapanda basi. Mtu ambaye hakumpeleka asingeuliza kama alilia."

Nje ya dirisha dogo la ukumbi ule wa chini tuliona miguu ya watu tu, wakifuta theluji kwenye magari yao. Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia mama yake.

"Hapana," alisema. Alifikiri kidogo, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku nzima. "Mama angemkatia yule mzee tiketi aje Krismasi."

Wanawake wa kanisa walikuwa wameanza kukunja meza upande wa mbali. Karin akaingiza miguu kwenye viatu, akasimama kwenda kuwasaidia, nami nikashika upande wa pili wa meza yetu.